PlayStation 2 ya zamani: mwongozo kamili wa kuokoa sevu, kusafisha lenzi na kuitunza mashine

PlayStation 2 ilianza kuuzwa Japani tarehe 4 Machi 2000, na Sony hawakuacha kuitengeneza hadi Januari 2013. Ndiyo maana bado zimejaa: chini ya vitanda, juu ya makabati, kwenye maboksi ya mabanda ya gemu yaliyokwisha kufungwa. Nyingi zimepewa jina la “mbovu” kwa ugonjwa mmoja tu, kwamba hazisomi CD. Ukizifungua, sehemu kubwa hukuti ubovu. Unakuta vumbi, grisi iliyokauka, na mara nyingine alama za bisibisi za mtu aliyekimbilia kugusa kitu ambacho kilipaswa kuguswa mwisho kabisa.

Kazi yetu hapa inaanza na kadi ya kumbukumbu, kabla hata bisibisi haijatoka kwenye kisanduku. Mashine ikifa utapata nyingine kwa bei ya kuelewana. Sevu, yaani hatua ya mchezo uliyohifadhi kwenye kadi, ya ligi uliyoicheza miaka sita haina duka linaloiuza.

Soma kibandiko cha nyuma

Kila mashine ina namba inayoanza na SCPH. Namba hiyo inakwambia karibu kila kitu unachohitaji kujua kabla ya kununua kipuri au kuchomeka waya wa umeme.

Matoleo ya 30000, 39000 na 50000 ni mashine nene, zenye trei ya kutoka mbele na nafasi ya kuweka diski kuu kwa nyuma. Kuanzia 70000, toleo la mwaka 2004, ni mashine nyembamba ambazo wengi huziita slimu: unafunua kifuniko cha juu na kubandika CD kwa mkono. Toleo la 90000 ndilo slimu pekee lenye kigeuza umeme ndani. Slimu nyingine zote zinatumia adapta ya nje ya 8.5V.

Tarakimu ya mwisho ni ya soko. Sifuri ni Japani, 1 ni Marekani ya Kaskazini, 3 ni Uingereza, 4 ni Ulaya bara. Hivyo SCPH-50004 ni mashine nene ya Ulaya, inayosoma CD halali za PAL (mfumo wa televisheni wa Ulaya) na kutumia umeme wa 220 hadi 240V. SCPH-50001 ni ya Marekani na inataka 120V. Hapa ndipo mashine nyingi zilizoletwa na ndugu wa ughaibuni hufia: inatolewa kwenye boksi, inachomekwa kwenye soketi ya ukutani ya 230V kwa kutumia adapta ya kubadilisha umbo la plagi tu, na kigeuza umeme kinaungua siku hiyohiyo. Adapta ya plagi haipunguzi volti. Unahitaji transfoma ya kushusha umeme hadi 110 au 120V, yenye uwezo wa wati 100 au zaidi ili isichemke. Kwa slimu, soma maandishi ya adapta yake: ikiandikwa 100–240V, plagi tu inatosha.

Kwanza kabisa, kadi

Kadi halisi ya Sony ni ya 8MB. Zile zilizoandikwa 64MB au 128MB za makampuni mengine zinafanya kazi, ila zina tabia ya kupoteza sevu zote kwa mpigo, hasa umeme ukikatika wakati mchezo unaandika. Kama sevu zako ziko kwenye kadi ya aina hiyo, usiahirishe hatua hii hata kwa siku moja.

Ukiwa na PlayStation 3, kuna kifaa rasmi cha Sony cha kusoma kadi hizi, namba CECHZM1, lakini si rahisi kukipata. Njia ya watu wengi ni kutumia kadi ya pili yenye FreeMcBoot, programu inayoiwezesha mashine kuendesha programu zilizotengenezwa na wapenzi wa mashine hii bila kufungua hata skrubu moja. Kadi hizi zinauzwa zikiwa tayari. Unaweza pia kuitengeneza mwenyewe kwa kuchoma DVD-R yenye FreeDVDBoot, iliyotoka mwaka 2020 na inayopitia kwenye kichezeshi cha DVD cha mashine. Hiyo inategemea toleo la kichezeshi cha mashine yako, kwa hiyo lisome kwanza kwenye skrini ya mfumo. FreeMcBoot inafanya kazi kwenye karibu matoleo yote, isipokuwa baadhi ya mashine za mwisho za 90000 ambazo mlango huo ulizibwa.

Kanuni moja isiyo na mjadala: usiisakinishe kwenye kadi yenye sevu unazozipenda. Tumia kadi nyingine.

Baada ya hapo:

1. Weka kadi ya FreeMcBoot nafasi ya kwanza, kadi yenye sevu nafasi ya pili. Chomeka flashi ndogo iliyofomatiwa FAT32 kwenye tundu la USB la mbele.
2. Washa, fungua uLaunchELF, kisha ingia kwenye kivinjari chake cha mafaili. Kadi ya pili inaonekana kama mc1 na flashi kama mass.
3. Ndani ya mc1 utaona mafolda yenye majina kama BESLES au BASLUS yakifuatiwa na namba. BE ni mchezo wa Ulaya, BA wa Marekani, BI wa Japani. Kila folda ni sevu ya mchezo mmoja.
4. Weka alama kwenye folda unazotaka, bonyeza R1 kufungua menyu, chagua Copy.
5. Rudi nyuma, ingia mass, bonyeza R1 tena, na hapa chagua psuPaste, si Paste ya kawaida. Kila sevu itakuwa faili moja la .psu, likiwa na tarehe na taarifa zake zote.

Paste ya kawaida inamwaga vipande vya mafaili kwenye flashi, na kuvirudisha baadaye vikatambulika ni shughuli. Faida nyingine ya njia hii ni kwamba inanakili hata zile sevu ambazo menyu ya PlayStation yenyewe inakataa kuzinakili. Hamisha mafaili ya .psu kwenye kompyuta na sehemu nyingine moja zaidi. Siku ukitaka kuendelea na ligi yako kwenye kompyuta kupitia PCSX2, programu inayoigiza PS2, programu ya mymc inaziingiza kwenye kadi ya kidijitali.

Pima ugonjwa kabla ya kutibu

Usifungue mashine kabla hujajua inaumwa nini. Tafuta CD tatu, zote safi na halali. Ya kwanza iwe mchezo wa PS2 wenye mgongo wa bluu, ambayo ni CD ya kawaida. Ya pili DVD yenye mgongo wa rangi ya fedha. Ya tatu DVD ya matabaka mawili. *God of War* ya mwaka 2005 na *Gran Turismo 4* ni mifano mizuri.

Lenzi ya PS2 hutumia mwanga wa aina mbili, mmoja kwa CD na mwingine kwa DVD. Ikisoma za bluu na kukataa za fedha, au kinyume chake, upande mmoja umechoka na kusafisha pekee huenda kusisaidie. Ikisoma zote isipokuwa ya matabaka mawili, mara nyingi ni uchafu au uchovu wa mwanzo, na hapo ndipo kusafisha kunalipa. Ikikataa zote huku CD ikizunguka, shuku vumbi na grisi. Kama CD haizunguki kabisa, tatizo linaweza kuwa ukanda wa waya uliochomoka, mota, au mashine haijui kwamba kifuniko kimefungwa. Kwa slimu, angalia vile vitufe vidogo vya pembeni vinavyobanwa na kifuniko. Vikikwama kwa uchafu, mashine inaamini iko wazi.

Usipime kwa CD za kuchoma. Zinarudisha mwanga kidogo kuliko za kiwandani, na lenzi nzima kabisa inaweza kuzikataa. Mashine nyingi za mabanda ya gemu zilichosha lenzi kwa kuhangaika na CD hizo mchana kutwa.

Vifaa vya kazi

Bisibisi ya nyota ya wastani na ndogo, kibanio, brashi laini ya rangi isiyotumika, pamba za masikio zenye kichwa kilichobana, kitambaa cha kufutia miwani, na pampu ya mkono ya kupulizia hewa. Grisi nyeupe ya plastiki, kidogo tu. Multimita kama utafika hatua ya mwisho.

Kisha alkoholi. Inayotakiwa ni isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, bora zaidi 99. Mafundi simu wanayo. Maduka ya vipuri vya simu ya Kariakoo au Luthuli Avenue Nairobi yanaiuza kwa chupa. Spiriti ya zambarau ya dukani ina rangi na vichungu vinavyobaki kama ukungu juu ya lenzi. Tina inayeyusha plastiki, na lenzi hii ni ya plastiki. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha, kadhalika. Manukato, hata usifikirie.

Kufungua mashine nene

Zima kwa swichi ya nyuma, chomoa waya wa ukutani, na uiache dakika kumi au zaidi. Kapasita kubwa ya kigeuza umeme kwenye umeme wa 230V hujaa volti 325 hivi, na haijali kama umechomoa waya sasa hivi. Hata baada ya kusubiri, hakuna sababu ya kuweka vidole kwenye ubao huo.

Geuza mashine chini juu. Skrubu zimefichwa chini ya vifuniko vidogo vya mraba na miguu ya mpira. Zibandue kwa kitu chembamba. Utakuta 8 au 10 kutegemea toleo. Zipange kwenye karatasi kwa umbo lilelile zilivyokaa, kwa sababu urefu unaweza kutofautiana na skrubu ndefu ikiingia tundu fupi inapasua plastiki. Mashine ambayo haijawahi kufunguliwa ina kibandiko juu ya sehemu moja nyuma. Kikiwa kimechanika, kuna fundi aliyekutangulia, na unapaswa kuwa na mashaka na kila kitu utakachokiona ndani.

Shika sehemu mbili pamoja, igeuze tena kwa miguu yake, kisha inua kifuniko cha juu polepole ukianzia nyuma. Mbele, upande wa vitufe vya kuwashia na kutolea CD, kuna ukanda mwembamba wa waya. Ukivuta kifuniko kwa pupa unaukata, na mashine nzima inaonekana imekufa kumbe ni kitufe tu kisichopeleka habari.

Sasa safisha vumbi lote kabla hujagusa lenzi, vinginevyo utalisafisha mara mbili. Tumia brashi na pampu. Feni ishike kwa kidole usiiache izunguke. Ikizungushwa kasi kwa upepo inaumia beringi na inaweza kurudisha umeme kwenye ubao. Hewa ya mashine hii huingia mbele na kutokea nyuma, kwa hiyo matandabui makubwa utayakuta kwenye matundu ya mbele na kwenye mapezi ya chuma ya kupooza. Sehemu za joto huku kwetu zina wapangaji wengine: mende hupenda kigeuza umeme kwa sababu kina uvuguvugu, na kinyesi chao kinashika unyevu na kuunganisha njia zisizopaswa kuungana. Ukiziona dalili, piga brashi kavu kwanza, kisha alkoholi, na uache ikauke kabisa.

Lenzi yenyewe

Kasha la kusomea CD limefunikwa kwa bati lenye skrubu 4. Ukilitoa utaona kuwa ndani yake kuna kibanio cha sumaku kinachoshika CD. Ndiyo maana mashine haiwezi kupimwa bila bati hilo kurudishwa.

Kijicho cha lenzi kinaelea juu ya nyaya nyembamba kuliko unywele. Loweka pamba ya sikio kwa tone moja la alkoholi, ikamue pembeni, kisha izungushe kuanzia katikati ya lenzi kwenda nje bila kukandamiza. Uzito wa pamba yenyewe unatosha. Rudia kwa pamba kavu. Lenzi safi inaakisi mwanga wa taa kwa rangi ya buluu au zambarau bila utando.

Wengi huishia hapo na kushangaa mashine ikikataa tena baada ya wiki. Reli mbili ambazo lenzi huteleza juu yake, na ile skrubu ndefu inayoisukuma, zina grisi ya kiwandani ambayo imegeuka kuwa gundi yenye mchanga. Lenzi ikikwama katikati ya safari inasoma mwanzo wa CD vizuri, menyu inafunguka, halafu mchezo unaganda ukifika sehemu za nje za CD. Huo si ugonjwa wa macho, ni ugonjwa wa miguu. Futa grisi yote ya zamani kwa pamba na alkoholi, zungusha skrubu ndefu kwa mkono ili lenzi isogee mwanzo hadi mwisho, kisha paka grisi mpya kiasi cha punje ya mchele kwa reli zote mbili. Ikizidi itarukia lenzi. Fanya hivyohivyo kwenye meno na njia za trei kama ilikuwa inatoka kwa kusuasua.

Pembeni ya reli kuna gia nyeupe ya plastiki isiyounganishwa na mota. Kazi yake ni kuweka mwinamo na kimo cha lenzi. Ichoree mstari wa kalamu ya wino mzito inapokutana na bati, kabla hujafanya lolote. Gia hii ikizungushwa ovyo, lenzi inapanda na kuchora duara kamilifu kwenye kila CD utakayoweka. Ukiona CD zako zote zina mkwaruzo wa mviringo uliofanana, mtuhumiwa ni huyu.

Kwa slimu, mtuhumiwa ni mwingine: ukanda wa waya wa lenzi huvimba juu na kugusa CD inapozunguka. Fungua, ulaze chini, na uushike kwa kipande cha gundi ya karatasi (utepe wa kubandika) ya kuhimili joto ili usiinuke tena. Hakikisha lenzi bado inafika mwisho wote wa safari yake bila ukanda kuvutwa.

Rudisha bati, pima kwa CD zako tatu. Usichungulie lenzi ikiwa imewaka: mwanga wa CD hauonekani kwa macho, na usioonekana ndio unaodhuru zaidi kwa sababu jicho halifumbi.

Ikigoma bado

Badilisha lenzi. Kwa mashine nene inayotafutwa zaidi ni KHS-400C, ingawa baadhi ya 50000 zilitoka na SF-HD7, na hizo mbili hazibadilishani hivihivi. Slimu nyingi za mwanzo hutumia PVR-802W, na za 79000 na 90000 mara nyingi hutumia TDP-082W. Soma namba iliyo kwenye lenzi yako badala ya kuamini tangazo la muuzaji.

Shika chuma kilichogusa ardhi kabla ya kushika lenzi mpya, maana chaji ya mwili inaiua kimyakimya. Fungua kufuli la soketi ya ukanda, usivute kwa nguvu. Na hili ndilo linalowaumbua wengi: lenzi nyingi mpya zina tone dogo la risasi ya kulehemu, limewekwa kiwandani kuunganisha vituo viwili ili kuilinda isafirishwapo. Lazima uliyeyushe na kuliondoa kabla ya kuwasha. Likibaki, lenzi mpya haitasoma chochote, na utairudisha dukani ukigombana na mtu asiye na kosa.

Kuhusu zile skrubu mbili ndogo za potenshiomita, moja ya CD na nyingine ya DVD: hizo ndizo ambazo fundi wa haraka huanza nazo. Zinaongeza nguvu ya mwanga. Lenzi iliyochoka inaamka kweli, CD inasoma, mteja analipa na kuondoka akitabasamu. Lakini ni sawa na kuongeza utambi kwenye taa iliyoishiwa mafuta. Ukiamua kuzigusa kwa sababu hakuna lenzi mpya, pima kwanza ukinzani wa kila moja kwa multimita na uandike namba hiyo. Zungusha kidogo sana, nyuzi 5 hivi kwa mara moja, pima mashine, rudia. Ukinzani ukishuka, mkondo unapanda, na lenzi inaungua mapema.

Joto na umeme

Ukifika kwenye chipu kuu, utaona kati yake na chuma cha kupooza kuna pedi laini za kijivu, si pesti. Usizing'oe na kupaka pesti ya kompyuta. Nafasi iliyopo imepimwa kwa unene wa pedi; pesti haiwezi kuijaza na chipu itabaki bila pa kutolea joto. Kama pedi imekauka na kukatika, pima unene wake na ununue ya unene uleule. Kama ni laini bado, iache ilivyo.

Betri ya saa ni CR2032. Mashine inayosahau tarehe kila ikichomolewa inataka hiyo tu. Kwenye baadhi ya matoleo imelehemiwa. Tafuta yenye miguu ya bati, usilehemu moja kwa moja juu ya betri ya kawaida kwa sababu joto linaweza kuipasua.

Kwenye umeme wa kukatikakatika, hatari kubwa ipo pale unaporudi. Tumia kilinda volti chenye kuchelewesha, kama kile cha friji, na uchomoe ukutani usiku. Mashine nene ikiwa na taa nyekundu haijazimwa, imelala. Swichi ya nyuma ndiyo inayoizima.

Picha nzuri kwenye televisheni mpya

Televisheni ya chogo bado ndiyo rafiki mkubwa wa mashine hii. Michezo mingi hutoa picha ya mistari 480 inayopishana, na chogo iliumbwa kwa ajili hiyo, bila kuchelewa hata kidogo kati ya kidole na skrini. Ukiwa nayo, itunze. Ila usiifungue, kwani ndani kuna makumi ya maelfu ya volti. Mchezo wa NTSC (mfumo wa Marekani na Japani) ukitoka mweusi na mweupe kwenye chogo ya PAL, mashine ni nzima: televisheni haijui kusoma rangi za mfumo huo.

Kwenye skrini bapa, waya wa njano ndio njia mbaya kuliko zote. Nunua kebo ya komponenti, ile ya nyekundu, kijani na buluu, kisha nenda “System Configuration” ubadilishe “Component Video Out” kuwa Y Cb/Pb Cr/Pr. Fanya hivyo ukiwa bado kwenye waya wa njano, vinginevyo skrini itakuja na rangi za ajabu usione menyu. Vidude vidogo vya HDMI vya kuchomeka nyuma vinahitaji mpangilio huohuo. Vinarahisisha maisha lakini haviboreshi picha. Kazi ya kuitengeneza vinaiachia televisheni. Wenye bajeti kubwa hutumia RetroTINK au OSSC, vigeuzi vya picha vinavyoiandaa kabla haijafika kwenye televisheni. Washa hali ya gemu kwenye televisheni, hiyo peke yake inapunguza ucheleweshaji kuliko vidude vingi vya bei. Baadhi ya michezo ya NTSC hutoa 480p safi, yaani mistari 480 isiyopishana, ukishikilia pembetatu na X wakati inafunguka.

Ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya 50Hz na 60Hz kwenye mchezo wa PAL, chagua 60. Michezo mingine ya 50Hz ambayo haikurekebishwa hukimbia kwa kasi pungufu ya karibu asilimia 17, na ndiyo maana wachezaji wake wanaonekana kana kwamba wamekula ugali mwingi.

Pedi

DualShock 2, pedi ya kuchezea ya PS2, ina skrubu 7 nyuma. Kitufe kinachojibonyeza chenyewe au kisichobonyezeka kwa kawaida si kitufe kibovu: ndani kuna karatasi ya plastiki yenye njia za umeme, inayosukumwa na sifongo dhidi ya miguu ya ubao. Sifongo ikilala, mguso unapotea. Futa pande zote mbili kwa alkoholi, kisha ongeza mkunjo mmoja au miwili ya gundi ya karatasi chini ya karatasi hiyo pale inapokutana na ubao. Pedi za bei nafuu hazipimi nguvu ya kidole, kwa hiyo michezo inayotegemea kubonyeza taratibu, kama ya magari, haitakwenda sawa hata pedi ikiwa mpya kabisa.

CD zenyewe

Osha kwa maji ya kawaida na tone la sabuni ya vyombo, futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Kamwe usifute kwa kuzunguka: mkwaruzo unaofuata njia ya data unafuta habari nyingi mfululizo, wa kukatiza unaruka. Watu huogopa mkwaruzo wa chini na kusahau kwamba kwenye CD data iko juu, chini tu ya picha. Shimo la sindano upande wa picha halina dawa. DVD ina data katikati ya matabaka mawili ya plastiki ya milimita 0.6, kwa hiyo inastahimili zaidi. Dawa ya meno inasugua kweli, lakini inaacha ukungu. Itumie kwa CD uliyokwisha kuikatia tamaa.

Kisha nakili zako mwenyewe zingali zinasoma. Kwenye kompyuta yenye kisoma DVD, ImgBurn inatoa faili la ISO kwa DVD. Za bluu zitoe kama BIN na CUE. Linganisha alama ya MD5 au SHA-1 (namba ya utambulisho wa faili) na orodha ya Redump, tovuti inayoweka alama za CD halisi: zikilingana, una nakala isiyo na doa hata moja. Zisipolingana, osha CD na ujaribu kisomaji kingine. Nakala hizo zinaweza kuchezwa kwenye mashine yako kwa Open PS2 Loader. Kupitia USB zitakwamakwama kwenye filamu za katikati, kwa sababu tundu la PS2 ni USB 1.1, la megabiti 12 tu kwa sekunde. Mashine nene yenye adapta ya mtandao na diski kuu ndani yake, au kebo ya mtandao kwenda kwenye kompyuta, hazina tabu hiyo, na lenzi inapumzika moja kwa moja.

Kuhifadhi

Mwambao ni adui wa pole: chumvi ya hewa inakula miguu ya soketi, unyevu unaotesha ukungu juu ya lenzi na kati ya CD na karatasi ya ganda lake. Weka kwenye kontena lenye mfuniko wa kubana pamoja na pakiti za silika, na uzikaushe au kuzibadilisha zikishiba maji. Mchele hausaidii, unaacha vumbi la wanga na kualika wadudu. Usifunge mashine kwenye nailoni ikiwa bado ina joto. Iwashe kila baada ya miezi michache, uicheze nusu saa ili grisi isigande na kapasita zisilale sana.

Kabla ya kufunga skrubu ya mwisho, andika kwenye kipande cha gundi ya karatasi: tarehe, namba ya lenzi, ukinzani wa potenshiomita zote mbili, na mahali mstari wa gia nyeupe ulipokuwa. Kibandike ndani ya kifuniko cha juu, mbali na matundu ya feni.